Sekunde Nane za Sufu

Zamu ya usiku, duka la dawa, Kutaisi.
Saa saba. Mvua. Mto Rioni unanguruma nyuma ya soko
kama mtu anayesukutua kinywa asiteme.
Nimeuza pakiti mbili za vidonge vya kikohozi
na soksi ya kubana mishipa, moja tu:
mnunuzi ana mguu mmoja.

Kisanduku kwenye skrini kinasema: Eleza unachotaka kuona.
Mimi Lamara, miaka hamsini na sita,
niliyezoea kusoma miandiko ya madaktari,
nakosa la kuandika.

Naanza: Wanawake wanapiga sufu uani.
Kiduara kinazunguka, kinazunguka.
Wanatokea wanawake wanne, warembo kupita kiasi,
wanamcharaza kondoo.
Kondoo anatabasamu.

Nacheka peke yangu, chupa zinagongana rafuni.

Nafuta. Naandika: sufu iliyokwisha kunyolewa,
ikaoshwa, ikaanikwa, ya kujazia godoro.
Sasa wanapiga theluji.
Naongeza: Agosti.
Theluji haiondoki, ila wamevaa kofia za jua.

Tengiz wa teksi, aliyeingia kuota joto,
anachungulia begani kwangu.
"Dada, hiyo akili mnemba ni kama mkwe mpya.
Ina hamu ya kukupendeza,
haijui chumvi inakaa wapi.
Usiiambie. Ionyeshe."

Haya.
Fimbo mbili nyembamba, mkono huu na mkono huu.
Mlio wake: fyu, fyu, paa.
Chini, zulia kuukuu lililoliwa na nondo.
Shangazi Tsiala amebana pini za nywele kinywani,
ndiyo maana hasemi; si kwamba ana huzuni.
Mama amepiga magoti,
kiatu cha kulia amekikanyaga kisigino.
Mwanga unatoka kushoto, umechujwa na majani ya mzabibu.
Kamera isisogee.
Nimekaa ngazini, nimekatazwa kusogea.

Mstari huo wa mwisho nausoma mara tatu.
Nani aliuandika?
Mashine haina haja ya kujua ngazi, wala katazo,
wala kwamba sufu mbichi ilikuwa na chawa wa kondoo
na mimi nilikuwa na kidonda gotini.
Miaka arobaini na tisa haikunijia hata siku moja,
imekuja leo kwa kuulizwa na kisanduku.

Salio limebaki la jaribio moja. Nabonyeza.

Sekunde nane.
Si mama. Pua siyo, mabega siyo.
Tsiala amepewa pini za dhahabu, maskini,
yeye aliyefunga nywele kwa waya.
Na sufu badala ya kushuka inapanda,
inapanda, tonge kwa tonge,
inapita mzabibu, inatoka nje ya picha,
na fimbo ya mwanamke asiye mama imeinuliwa juu
video inakwisha kabla haijashuka.

Kosa. Naona ni kosa.
Naihifadhi.

Kengele ya mlango: kijana, mafua, mwavuli uliopinduka.
Nampa dawa, namwandikia juu ya boksi:
kimoja asubuhi, kwa maji ya uvuguvugu,
ukiwa umekaa, dirisha likiwa wazi.

"Dirisha la nini?" anauliza.

"Mwanga," nasema. "Utoke kushoto."