Maelezo ya Upungufu wa Chumvi

Bosi,
mifuko iliyopakiwa Bagamoyo: mia sita.
Iliyoshushwa Kyela: mia tano themanini na tisa.
Uliuliza imeliwa na nani,
simu ikakata. Kwa hiyo naandika.

Tulikuwa Mlima Nyoka, saa tisa alasiri,
mbingu ina rangi ya sufuria iliyoungua.
Tone la kwanza liligonga kioo, likadunda.
Nikasema, nani anatutupia mahindi?
La pili likapasua taa ya kushoto
(nayo nimeiandika, ukurasa wa pili).
Kisha yakaja yote.

Wewe ni mtu wa pwani.
Kwenu mvua hunyesha, hulowesha, huaga.
Hii iligonga kama mtu anayedai.
Migomba ilichanika vitambaa,
viazi vikazikwa mara ya pili,
na lami, ile lami unayotulaumu nayo kila siku,
ikawa nyeupe, kina cha kiganja kizima.

Dakika ishirini. Halafu kimya.

Basi likajaribu kupanda. Likageuka polepole
kama shangazi anayetafuta kiti harusini,
likakaa katikati ya barabara.
Lori la shaba kutoka Tunduma likalikumbatia.
Huku foleni hadi Inyala,
huku hadi njia panda ya Uyole na zaidi.
Koplo Nzowa alipuliza filimbi.
Dhidi ya barafu yote ile, siku ile,
serikali ilikuwa na filimbi moja.
Greda lipo, akasema. Halina tairi.

Watoto waliyala mawe kwa sharubati.
Chai ya mia tano ikawa elfu, ikawa elfu mbili,
ikaisha.

Mbele yetu pikapu, ndani yake jeneza,
msiba wa kina Mwakasungula, wanakwenda Rungwe.
Kaburi limechimbwa tangu alfajiri, linajaa maji.
Marehemu peke yake hakuwa na haraka.
Mjane alishuka na kandambili,
akachukua sahani ya bati
akaanza kuparua barabara.
Sahani, bosi.
Wala hakumwita mtu.

Binti mmoja, sweta ya shule, tranka kichwani,
akaniuliza: Kaka, mmebeba nini?
Chumvi.
Chumvi inayeyusha barafu. Tumeifanya maabara, kidato cha pili.
Nikamjibu: Mzigo una mwenyewe.
Hakubisha. Aliitazama ile sahani tu.
Na mimi nikaitazama.

Mzee Ndelwa, dereva wako wa miaka kumi na tisa
ambaye hajawahi kupoteza hata kamba,
alitoa kisu chini ya kiti.
Mmoja umepasuka, akasema,
kabla haujapasuka.
Wa pili niliupasua mimi.

Tulimwaga kama wapanda ulezi,
vidole vimekufa ganzi.
Sikudanganyi, haikuyeyuka mara moja.
Watu walitucheka: hawa wanauunga mlima!
Mpaka chini ya miguu yetu kitu kikaanza kulalamika,
kwa sauti ndogo, kama mafuta yanayopata moto,
na lami ikachungulia, nyeusi,
upana wa tairi moja. Kisha mbili.
Waliocheka wakaleta majembe.

Pikapu ilipanda ikiyumba.
Foleni yote ilikwisha saa saba usiku,
lakini hiyo si habari ya chumvi.

Mifuko kumi, basi, iko Mlima Nyoka.
Ukipenda kuihesabu, nenda.
Ikatwe kwenye mshahara wangu, si wa mzee.

Wa kumi na moja haukumwagwa.
Pikapu ilipokuwa inashika moto niliubeba begani,
nikaulaza ubavuni mwa jeneza,
kwa ajili ya chungu cha matanga.
Mjane alisema ndaga, sahani bado mkononi.
Mzee Ndelwa hakuona.
Huo haukupasuka, bosi. Huo niliuiba.
Huo uandike jina langu:
Anyosisye, utingo.