Usiburute Pasi

Mita tatu za mahameli, rangi ya bilinganya,
nimezipakata toka Kikuubo hadi Bombo
kama mtoto wa watu.
Mwenye duka alinikatia na kipande cha pembeni, bure.
Hiki, akasema, ni cha kuharibu.
Nikakiharibu.

Mara ya kwanza moto ulizidi: kikang'aa kama upara.
Mara ya pili moto ulipungua,
nyota niliyoipiga chapa ikakaa hadi adhuhuri,
ikainuka, ikaenda zake.
Mara ya tatu niliburuta pasi.
Sitaeleza.

Mahameli ina malaika,
si wale wa mbinguni, wale wa shavu la kichanga:
pitisha kiganja huku, wanameta,
kirudishe, wanatia giza.
Kazi yangu ni kuwalaza hawa
na kuwaacha wale wamesimama.
Basi. Ua zima ni usingizi wao.
Hakuna uzi ulioongezwa, hakuna rangi.

Nilikosa muhuri tu.
Nilijaribu ufunguo wa kabati,
nikajaribu spoku za baiskeli nilizokunja shada,
na kifuniko cha soda, kikaacha meno
kana kwamba gauni limeng'atwa.
Usiku umeme ukakatika.
Nikakaa gizani, mkono umeegemea kawa la mama,
lile bapa la ukindu, la kufunikia wali wa wageni,
na vidole vikaanza kuhesabu vyenyewe:
mzunguko, mzunguko, mzunguko,
thelathini na moja.

Alfajiri, kawa mezani, uso juu.
Mahameli juu yake, uso chini,
kama mashoga wanaonong'onezana.
Maji mgongoni mwa kitambaa, umande tu, si mvua.
Pasi bila mvuke.
Shusha. Kandamiza.
Hesabu ishirini kwa pumzi, si kwa saa.
Inua wima.
Sogea kidogo, shusha tena.

Nilipoigeuza
ukindu wote ulikuwa umehamia,
msuko kwa msuko, hadi nilisahau kupumua.
Kisha nikaiona kasoro:
mzunguko wa kumi na tisa unachechemea,
msuko mmoja umerukwa, mwingine umebanwa mahali pake.
Miaka yote nimelipangusa kawa hili
na sikuwahi kuliona hilo.
Mahameli haina adabu ya kunyamaza.

Nilitaka kufunika kombe:
nishone shanga tatu pale, Mastula asijue,
ni mgongo wa gauni lake la harusi.
Nikampelekea mama kwanza.
Macho yake yamefunga tangu mwaka juzi,
akaishika nguo kama anayeangalia homa ya mtoto.
"Nani kakupa kawa langu?"
Kidole kikatembea, kikazunguka,
kikafika kumi na tisa, kikasimama.
"Hapa nilikuwa nagombana na baba yako.
Aliuza mbuzi bila kuniuliza."
Akanyamaza kidogo.
"Alimrudisha."

Shanga nimeziacha kwenye kopo.

Mastula amekuja kupima, amejigeuza mbele ya kioo,
ameuliza ni maua gani haya.
Nimemwambia ni kawa.
Amecheka, akadhani ni mzaha, akalipa nusu.
Nimemwonya: usiifue, usisimame nayo mvuani,
na shangazi zako wenye majasho
wakukumbatie mabegani, si mgongoni,
maji huwaamsha malaika.

Jumamosi ugomvi wa mbuzi utaketi jukwaani
mbele ya masufuria na kamera,
na atakayeujua
ni mwenye kupitisha kiganja tu, taratibu, bwana harusi labda,
naye hataelewa anasoma nini.

Kile kipande cha pembeni sijakitupa.
Kimefunika redio,
upara wake juu, umbo kamili la pasi,
na mkia mrefu pale mkono wangu
ulipokosa subira.