Uchungu Hauishii Penye Weusi

Novemba, Kanoya. Udongo mweupe wa jivu la mlima
unaganda kwenye kucha kama unga.
Masaharu aliharakisha trekta, mvua ilikuwa inanukia,
na safu ya tatu yote ikatoka na majeraha:
viazi vimekatwa, vinavuja maziwa,
maziwa yakawa kahawia kabla hajazima injini.

Mama yake, Shizue, alivigawa kwa macho.
Hivi vya chumba cha mvuke.
Hivi vya kiwanda cha pombe.
Hivi vya Tsuru, ng'ombe mweusi,
mwenye mimba ya kwanza.

Katika chumba cha mvuke, siku nne,
hewa nzito kama pumzi ya mwenye homa,
kiazi hujishona.
Chembe zilizo hai chini ya jeraha hugawanyika,
hujipanga bega kwa bega, hujipaka nta,
na kidonda huwa gamba.
Kisha kinalala hadi Machi, kikizidi utamu.

Kando ya zizi palikuwa na baridi,
kreti juu ya kreti,
na kuvu likapita mlango ulioachwa wazi na chuma.
Kiazi hakina miguu ya kukimbia
wala mkono wa kupigia.
Kina jiko.
Kikateka sukari yake, akiba ya miezi mitano,
kikapika dawa ya kumfukuza mgeni,
kikapika usiku kucha, kikapitiliza,
dawa ikaenea
hadi kwenye nyama ya njano, safi, isiyo na doa.

Shizue alikata weusi wote.
Alikata na upana wa kidole zaidi,
kama alivyofundishwa, kwa uaminifu,
akajaza ndoo.

Siku ya tatu Tsuru alisimama shingo mbele,
mdomo wazi, mbavu zikienda kama mvukuto.
Daktari Nagamine akaweka sikio.
"Maji," akasema. "Mapafuni."
Akaokota ndooni kipande cha njano,
akakigusa kwa ulimi, akatema.
"Onja."

Shizue akaonja.
Kiazi kitamu, kwa jina.
Uchungu ule ulikaa mdomoni mwake
hadi walipomshusha Tsuru shimoni
na ndama ambaye hakuna aliyemwona.

Hakumwambia Masaharu neno.
Safu ya nne ilikuwa bado ardhini.
Alfajiri alishika uma wa mkono,
akaanza kuchimba mbali na shina,
mbali kabisa,
akipapasa.