Elfu Moja kwa Kilomita

Elfu arobaini na mbili, kwa kilomita arobaini na mbili:
hesabu niliimaliza dirishani, risiti haijatoka.
Elfu moja kwa kilomita. Zile mita mia moja tisini na tano za mwisho
nikazihesabu kuwa nyongeza,
kama karanga za juu za mwuzaji mwenye moyo.

Halafu elfu kumi ya rehani, ya kidude cha kufunga kwenye kamba za kiatu
kinachojua umepita wapi, na lini.
Elfu tano, cheti cha zahanati: moyo wako, mama, uko sawa.
Ningewaambia bure.
Viatu, elfu kumi na nane, soko la Sabasaba, mtumba,
kisigino cha kushoto kimelika kwa mguu wa mtu nisiyemjua
aliyeegemea upande ule ule ninaoegemea mimi.

Chilongani aliuliza mara moja tu:
"Hiyo barabara si ndiyo unayopita kila siku?"
Ndiyo. Nyuma ya boza, na mpira wa maji begani,
nikinywesha miti ya serikali kutoka Nanenane hadi Mtumba.
Lakini sijawahi kufungiwa barabara.

Kanuni zilijaa karatasi moja, mbele na nyuma.
Namba haiuzwi, haiazimwi, hairithiwi.
Ikae kifuani, isikunjwe, isifichwe na kanga.
Maji usipokee kwa asiye na fulana ya njano.
Kona usiikate.
Barabara itafunguliwa saa sita kamili;
aliye nyuma apande basi la wafagiaji,
au apande ukingoni, awe mpita njia.

Hiyo ya mwisho niliisoma mara mbili,
kama mtu aliyeona jina lake kwenye tangazo la mnada.

Tukatoka Jamhuri saa kumi na mbili, upepo wa Julai
ukitutoboa masikio.
Elfu ya kwanza ikaisha sijaiona.
Ya tano: fungu la mlenda na nyanya zake.
Ya tisa, Nanenane: mche wa sabuni, nusu.
Ya kumi na moja, wa mbele wakanikuta wanarudi,
wao wamekwisha kula, mimi ndiyo nanawa.
Viatu vya mtumba vikafika Mtumba. Nikacheka peke yangu,
na kucheka nako kuna gharama yake: kichomi.

Thelathini na tatu. Saa sita.
Pikipiki ya polisi ikapita, nyuma yake vijana wakiokota koni,
nyuma yao malori ya Singida, yamekasirika.
Basi likasimama. "Mama Sechelela" (alisoma kifuani)
"panda, yapo maji baridi."
Nikapanda ukingoni.

Nikageuza namba, maandishi yakaelekea tumboni.
Elfu tisa zangu zikabaki mezani kwao,
kilomita tisa zikabaki kwangu.
Nikakata kona moja, nione inakuwaje.
Nikapokea maji kwa mwuza mahindi, fulana nyekundu.
Karibu na Ipagala mwarobaini niliousimika mwezi wa nne
umelala kama mlevi; nikakaza kamba, nikausimamisha.
Chupa ilikuwa nusu. Nikainywa yote.
Mti una boza.

Jamhuri, saa nane kasoro. Viti vimebebanishwa,
medali zimo kwenye katoni, katoni ina gundi.
Nyemo, yule kijana wa dirishani, akapitisha kidude kwenye mashine,
mashine ikakaa kimya.
"Wewe hujafika, mama."
Sikubishana. Nikafunua karatasi, nikaweka kidole:
kanuni ya kumi, arudishaye kidude arudishiwe rehani.
Akaitoa noti kwenye mfuko wake wa shati, ina joto.

Kesho saa kumi na moja boza linaanzia Nanenane.
Barabara ile ile, yenyewe inanilipa mimi,
elfu nane kwa siku.
Kwa kilomita sijui inakuwa shilingi ngapi.
Hiyo hesabu sijaipiga.