Donge la Unga

Nilizitamani zile rimu tangu Septemba.
Inchi kumi na nane, spoki tano za rangi ya fedha,
zimetundikwa kwa mnyororo mbele ya duka pale Majengo,
jua la saa nne likizipiga,
nami napita na madaftari ya kusahihisha kwapani
nikihesabu: laki nane na nusu. Mkopo wa SACCOS. Desemba.

Maana Desemba huku Moshi hupandi Kibosho na gari tu.
Unapanda na gari lililooshwa,
na macho ya mashemeji hushuka kwenye magurudumu
kabla hujaitikia salamu.

Fundi Anaeli wa Pasua hakucheka.
Alifuta mikono kwa soksi ya mtoto iliyopoteza mwenzake.
"Umepima, mwalimu?"
Nikamwambia: rimu ina matundu matano, gari lina boliti tano.
Tano kwa tano.
Akachukua kalipa.
Gari: milimita mia moja. Rimu: mia na kumi na nne, na ushee.
"Tano zako na tano zake hazijuani."

Nikazirudisha. Muuzaji akanung'unika, akanipa nyingine,
inchi kumi na saba, matundu yakakubali,
ila tundu la katikati lilipwaya kwenye kitovu
kama pete ya marehemu kwenye kidole cha mjukuu.
"Hapo nati zitabeba mzigo usio wao," akasema,
akachongesha pete ya kujazia, akaigonga kwa ubao, taratibu.

Nikadhani tumemaliza.

"Desemba utapakia nani?"
Mama. Shangazi wawili, wote wanene, Mungu awatunze.
Mchele kilo hamsini. Kreti mbili za soda.
Akaita vijana wanne, akawakalisha nyuma,
akaongeza mfuko wa saruji kwenye buti.
Kisha akaenda kwa Mama Aikande wa chapati
akarudi na donge la unga uliokandwa,
akalikata, akalibandika ndani ya madigadi, mbele na nyuma,
akakata usukani hadi mwisho, kulia, kushoto,
akalipitisha gari juu ya tuta la karo, mara tatu.

Tukachungulia kwa tochi ya simu.
Mbele, mkwaruzo tu.
Nyuma, unga umetafunwa:
kashata za tairi zimejichora humo, wazi,
kama nyayo za kuku kwenye sakafu mbichi.
Hakusema neno. Unga ulikuwa umeandika,
na mimi kusoma ndiyo kazi yangu.

Basi inchi kumi na tano. Nyeusi. Hazing'ai hata ukizilamba.

Na tairi? La kwanza nililochagua lilipakwa dawa likawaka kama kiatu cha mwanajeshi.
Fundi akanionyesha tarakimu nne ubavuni: 4114.
Wiki ya arobaini na moja, mwaka elfu mbili kumi na nne.
Ndewirwa wangu alikuwa hajatungwa mimba.
Akalikunja kwa goti, nyufa zikafunguka
ndogondogo, kama visigino vya kiangazi.

Siku tatu kabla ya Krismasi tulipanda.
Kona ya juu ya daraja ni ile inayovunja moyo, kushoto kisha juu,
shangazi wakahamia upande mmoja kwa kishindo na vicheko,
nami nikazima redio nisikilize.
Mchele ulisogea. Chupa ziligongana.
Chini, hakuna kilichosugua.

Shemeji Kiwelu alilizunguka gari akitafuta pa kusifu.
"Tulisikia unabadilisha rimu."
"Nimebadilisha."
Akatazama tena. Akaniuliza habari za shule.

Januari bado napita Majengo.
Zile za inchi kumi na nane ziko palepale kwenye mnyororo,
na mimi, nisiseme uongo, bado napunguza mwendo.
Ila kwenye deshibodi kuna kipande cha unga kilichokauka,
kina alama tatu za kashata,
na sisimizi wameshakianza upande mmoja.