Ginka wa Ghorofa ya Sita

Nimelala katika hoteli mia tatu
bila kutoka Ruse.
Nimesifu godoro la Varna, supu ya Burgas,
nimelalamikia taulo, kidogo tu,
maana sifa tupu hunuka,
na msimamizi wetu, Bwana Lyudmil, alitufunza:
tia doa, ndipo shuka liaminike.
Nyota tano, senti thelathini.

Kwa mafuta ya magoti nilimzaa Ginka.
Miaka sabini na moja, mjane, mshonaji mstaafu,
Mtaa wa Mizabibu nambari kumi na nne,
ghorofa ya sita, lifti mbovu tangu majira ya baridi.
Lifti ile niliipenda. Ndiyo iliyouza.
"Magoti yangu yalijua mvua kabla ya redio.
Leo napanda ngazi, na wajukuu wanalia:
bibi, tungoje."
Nikabonyeza. Nikanywa chai. Nikamsahau.

Mwezi wa tatu wakaleta akili unde.
Kabla ya chakula cha mchana
ilikuwa imezaa akina Ginka themanini,
kila mmoja na goti lake, na mjukuu, na lifti.
Wenzangu wanne wakapewa bahasha zao.
Mimi nikabakizwa kwa kazi moja:
kuharibu.
Mashine huandika safi mno, alisema Lyudmil,
na watu siku hizi wanashuku usafi.
Basi kutwa nzima nafuta nukta,
nadondosha herufi,
naacha sentensi ikining'inia kama kitasa kilicholegea.
Ubinadamu wangu sasa ni makosa ya tahajia,
nalipwa kwa kila mia.

Waliosema ukiona vyaelea vimeundwa
hawakusema muundaji yuko wapi,
wala kama hukutana na wanaozama.

Jumapili akaja mama mdogo Stanka
na kopo tupu, euro thelathini na tisa,
magoti yamevimba kama mikate ya Pasaka.
Hakulalamika. Alitaka kumtafuta Ginka.
"Huyu si mwongo. Mwongo hataji lifti.
Labda mimi ndiye napaka vibaya. Nitamuuliza."
Nikasema: mama, watu wa mtandaoni huwajui.
Akanitazama kana kwamba nimemtukana jirani yake.

Akaenda. Kwa magoti yale.
Akachukua na jamu ya cheri, asiende mikono mitupu.

Mtaa wa Mizabibu unaishia nambari kumi na mbili;
kisha ni maegesho ya magari, kisha mto.
Aliuliza duka la viatu.
Alimuuliza tarishi wa posta.
Alihesabu ghorofa za kila jengo kwa kidole:
nne, tatu, nne, tano.
Hakuna ya sita mtaa mzima.
Hakuna hata lifti ya kuharibika.

Mimi hupita pale kila asubuhi.
Sijawahi kuinua kichwa nikahesabu.

Alirudi jioni, akavua viatu taratibu,
akaiweka jamu mezani kati yetu,
kifuniko bado kimevikwa kitambaa, kimefungwa uzi.
Akatoa simu. Akaanza kusoma upya,
neno kwa neno, kidole kikitangulia,
kama watu walivyokuwa wakisoma barua kutoka jeshini.
Alipofika kwenye mvua na redio akasimama.

Friji ikanguruma, ikanyamaza.

"Haya ni maneno yangu," akasema.
"Niliyasema hapa, jikoni kwako,
mwaka ule bomba lilipopasuka.
Ndiyo maana nilimwamini.
Nilidhani, hatimaye, kuna mtu anayeumwa kama mimi."

Sikuwa na doa la kutia.

"Walikulipa ngapi?"
"Senti thelathini."

Akayasugua magoti yake, la kulia, la kushoto.
"Kwa yote mawili," akauliza,
"au kwa kila goti?"