Galoni Mia Sita

Dakika kumi na nane hujaza tangi la Bi Nunuu,
mpira ukishapanda ukutani na pampu ikakohoa mara mbili.
Miaka kumi na moja naleta maji mtaa huu wa Mabela,
sijamwaga hata kopo.
Dakika kumi na nane:
mtu akizipanga vizuri, zinatosha kuomba.

Barua ya hospitali nimeikunja mara nne,
jasho limeanza kula muhuri.
Humo mwanangu ni nambari ya faili,
kilo kumi na tatu, miaka sita.
Hawakuandika kwamba ni Muzna, wingu la mvua,
wala kwamba macho yake yamegeuka rangi ya bizari
na anauliza mbona siku hizi hatumpigi picha.

Zamani nikisema jambo limenikata maini
ilikuwa bao la dakika ya mwisho,
au shemeji kunisimanga harusini.
Sasa daktari amenichorea kwa kalamu:
kipande hiki chako kitakaa hapa kwake,
na wewe litakuota tena.
Nikacheka. Kata, nikamwambia, kata leo hii.
Nyama ni bure, akasema.
Kisu ndicho chenye bei.

Riali elfu kumi na tisa. Bado ndege,
bado chumba cha kumlaza mama yake ng'ambo.
Dhahabu ya Ghaniya ilikwenda Matrah, ikarudi karatasi.
Gari dogo limekwenda.
Shamba la Barka lina ndugu saba na midomo saba.
Rafikul, anayeosha lori,
alinipa riali tano zimelowa sabuni.
Sikujua pa kuziweka. Nikaziweka ndani ya msahafu.

Kwa Kiarabu naweza kuomba:
maneno yake yamevaa joho,
yananitangulia mpaka mlangoni.
Lakini Bi Nunuu ni mtu wa Kiswahili,
hunitolea chai ya tangawizi, huniita baba,
na Kiswahili nilikinyonya kwa mama
pamoja na hili: usiombe kwa watu, hata chumvi.

Dakika ya tano nilitazama kiyoyozi kikidondosha.
Ya tisa nikasema, "Bi mkubwa."
"Naam?"
Nikasema, "Joto."
"Joto," akakubali, akarudi ndani.
Ya kumi na tano nilikuwa nikizungumza na geti.

Kisha maji, yanateremka ukutani,
yanapita juu ya vigae,
yanabeba kandambili za wajukuu kwenda barabarani,
nami nimesimama na barua mkononi
nimesahau swichi iko upande gani.

Alitoka mbio, na miaka yake themanini.
"We! Una nini leo?"
Yaliyomwagika hayazoleki. Basi nikamwaga yote,
ini, kisu, elfu kumi na tisa, macho,
nilianzia mwisho, nikarudi katikati,
mwanzo sikuufikia.

Yeye ndiye aliyezima pampu.
Nguo imemlowa hadi magotini,
akaishika ile barua kwa ncha za vidole
kana kwamba nayo ina homa.
"Kizungu hiki mie sikijui," akasema.
"Kaa hapo kivulini, nimwite mjukuu aje kunisomea.
Na wewe, kabla hajaja,
nitajie jina la mtoto."